Shiba Kwanza, Nai

Nai mwanangu,

Baba yako amekupeleka Momela kumuaga Bibi, nami nimebaki hapa barazani na cherehani ambayo leo haishoni kitu. Wateja nimewaambia mashine ina hitilafu. Mashine ni nzima kabisa, mwenye hitilafu ni mimi. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda kambi ya riadha Dodoma, na kuna maneno ambayo nikijaribu kukuambia ana kwa ana, ama nitalia ama utanichekesha, na yenyewe yatapita hivihivi. Kwa hiyo nimechukua karatasi ninazochorea mishono, nimekaa, naandika.

Sitakuandikia habari za kufua soksi. Wala za wavulana, maana shangazi yako ameshahutubia hilo jambo mpaka majirani wote wa Sokon I wanajua msimamo wa ukoo. Wala sitakukumbusha kuchaji simu. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na aibu, kama sisi wengine.

Nataka kuongea habari za chakula na maji. Usikunje uso, nakuona hata ukiwa huko kwa Bibi. Kuna kitu kimoja kinaninyima raha tangu barua ya kambi ilipokuja, na wewe unakijua: tangu mguu wako uumie, mimi ndiye ninayeiangalia sahani yako, na kuanzia kesho hakutakuwa na mtu wa kuiangalia. Utakula au hutakula? Basi. Hilo tu ndilo swali langu, mengine yote ni maneno ya mama.

Lakini kwanza nikusimulie habari za meno yangu.

Meno yangu umeyazoea. Wewe ulipokuwa mdogo ulidhani mama wote duniani wana meno ya kahawia. Kule Momela nilikozaliwa, maji yana madini yanayoyapaka rangi meno ya watoto, na nyumbani hakuna aliyejali kwa sababu tulikuwa hivyo sote, mimi, kaka zangu, hata mchungaji wetu aliyekuwa akituhubiria. Nilikuja kujua kwamba nina meno siku nilipoingia bweni la sekondari hapa mjini. Msichana mmoja wa mjini aliniangalia nikicheka, akaniuliza mbele ya wenzake, "Wewe huwa unapigia mswaki nini, kahawa?"

Bweni zima likaangua kicheko. Na mimi, mama yako mwenye akili nyingi, nikakata shauri kwamba maji ndiyo adui yangu. Maji yameniharibu meno, basi sinywi maji. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba rangi ile iliingia nikiwa mtoto mchanga, meno yakiwa bado ndani ya fizi, na kwamba sasa hata ningekunywa pipa zima hakuna kitakachoongezeka. Tena maji ya shuleni yalitoka kwenye chanzo kingine kabisa! Lakini msichana wa umri ule akishaona aibu, hafikiri. Nikawa nakunywa kikombe cha chai asubuhi, chai ya rangi, nyeusi tii, na siku imekwisha. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Nilikuwa nakimbia, hilo ulilisikia. Mita elfu tatu. Tukachaguliwa kwenda kushindana Moshi, na unajua joto la Moshi si la kuchezewa na watu tuliokulia kwenye ukungu wa Meru. Nilifika pale nikiwa mkavu kama gunzi. Na kwa kuwa watu walikuwa wamejipanga kuzunguka uwanja wote, tena kulikuwa na mpiga picha, nikaongeza sheria ya pili: nitakimbia mdomo nimefunga.

Nai, nilikimbia nimefunga mdomo! Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Nnko, alikuwa amesimama kwenye kona. Mzunguko wa kwanza alinyamaza, akidhani ni mbinu. Mzunguko uliofuata uvumilivu ukamwishia. "Fungua mdomo, wewe! Unapumulia masikio?" Sikufungua. Nilikuwa wa tatu, na nilijiona nakwenda vizuri tu. Kichwa kiligonga, kisha jasho likakauka, kisha nikahisi baridi katikati ya jua lile, nami nikafurahi, nikafikiri sasa ndiyo mwili umechanganya. Uwanja ukainama upande mmoja. Sikuuona tena.

Nilipozinduka nilikuwa kivulini, kichwa changu kimelala kwenye mapaja ya msichana nisiyemjua, wa shule nyingine. Alikuwa ameshika kikombe cha maji. Akaniambia ninywe, nikatikisa kichwa. "Kunywa, bwana," akasema. "Mbona unabana mdomo kama mtoto anayekataa dawa?" Nilikuwa nimechoka mno kubishana. Nikafungua, nikanywa, yeye akaniona meno na akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu. Yake yalikuwa ya kahawia kuliko yangu. Na shingoni alikuwa na medali, maana ndiye aliyeshinda mbio zile, kwa mdomo wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya mpiga picha na watu wote.

Nilisafiri kurudi Arusha nikinywa maji njia nzima, gari likisimamishwa kila mara nichimbe dawa, Mwalimu Nnko akilalamika kwamba sasa nimezidisha upande wa pili. Yule binti nilimsahau jina siku hiyohiyo, jambo ninalolijutia mpaka leo.

Sasa ungetegemea mtu aliyepitia hayo awe mwepesi wa kuona binti yake anapojinyima kitu kwa sababu ya macho ya watu. Mimi sikuona. Na si kwamba ulijificha sana, maana ulikuwa unakuja kwangu mwenyewe na bukta yako mkononi. "Mama, nibanie kidogo kiunoni." Nikakubania. Baada ya muda ukarudi, nikakubania tena, na nikawaonyesha wateja futi yangu ya kupimia, nikasema tazameni kiuno cha mwanariadha! Nilikuwa najidai, Nai. Fundi anayepima viuno vya watu kutwa nzima, cha binti yake mwenyewe kinayeyuka mikononi mwake na yeye anapiga makofi.

Baadaye ndiyo ukanieleza ilivyoanza: wenzako wa mazoezi walikuambia ukipunguza kilo utapaa. Na kweli mwanzoni ulipaa. Uliwaacha wakubwa zako kwenye mlima, kocha akakusifu, mimi nikakusifu, nani angekusikiliza kama ungesema umechoka? Ukawa unapakua ugali wa kudanganyia, mboga nyingi juu na chini hakuna kitu. Nyama ulikuwa unampa mdogo wako, naye, ninavyomjua, hakuuliza maswali. Mchana wa jua kali ulikuwa umevaa sweta. Ukigombezwa kidogo unalia, ukichekeshwa hucheki. Na kabatini kulikuwa na pakiti za pedi ambazo hazipungui, nami nilizihamisha kila nilipopanga nguo, nikazirudisha, wala sikujiuliza.

Mpaka mguu ulipokataa. Daktari akatuonyesha kwenye picha kaufa kadogo kwenye mfupa chini ya goti, kembamba kama uzi. Akakuuliza unakula nini kwa siku, na kabla hujafungua mdomo nikamjibu mimi, kwa sauti ya kanisani, "Anakula vizuri tu, daktari, mimi mwenyewe ndiye ninayempikia!"

"Mama," akasema yule daktari kwa upole, "nimemuuliza yeye."

Akauliza kama siku zako zinakuja, ukaangalia kalenda ukutani. Ndipo akatueleza, na nilimpenda kwa sababu alieleza bila kutufokea. Akasema mwili usiopewa chakula kinachotosha kazi yake hauanguki palepale, unaanza kubana matumizi. Kwanza unafunga vile vinavyoweza kusubiri, na kwa msichana siku zake ndizo hufungwa mapema. Kisha unakwenda kukopa kwenye mifupa. Kinga inapungua, hasira zinapanda, usingizi unakimbia, na miguu inayosifiwa leo kesho haina kitu. Akasema, "Mguu huu haukupata ufa kwa sababu ya kukimbia sana. Umepata ufa kwa sababu amekimbia bila kula." Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa na alama za sindano.

Tulipotoka, pale karibu na geti, wewe na magongo yako, ulisimama ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, naogopa kushiba."

Nilicheka. Unisamehe kwa kicheko kile, kilinitoka chenyewe, kwa sababu mimi nimekulia mahali ambapo watu waliogopa njaa na sikuwahi kusikia mtu akiogopa upande wa pili. Halafu nikakuona uso, kicheko kikakatika. Nikakukumbatia na magongo yako yote mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. Nilisema tu, "Basi tutaogopa wote, lakini tukiwa tunakula."

Na tulikula! Nikikumbuka ile miezi ya kuuguza mguu, tofauti na nilivyotegemea, naikumbuka kwa furaha. Nakumbuka ndizi nyama za Jumapili, na baba yako akirudi kutoka kwao na kibuyu cha maziwa, anasimamia mwenyewe sufuria ya loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, hataki mwanamke wa Kimeru auguse mwiko kwa kuwa eti Waarusha tu ndio wanaojua ukali wa maziwa unavyotakiwa kuwa. Nakumbuka ulivyowanunia dagaa. Kuna siku ulikaa mbele ya sahani muda mrefu, machozi yanadondoka kwenye maharage, na baba yako, ambaye hajui kubembeleza, alikuja na ovaroli lake la gereji ya Ngarenaro, akakaa karibu yako.

"Wewe ulishaona gari linapanda Meru kwa harufu ya petroli?"

"Baba, mimi siyo gari."

"Ndiyo maana nakupa maharage."

Ukacheka na kamasi zikatoka. Ukala kijiko kimoja, kisha kingine. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, na sijawahi kumpenda yule mwanamume kama siku ile.

Halafu ile asubuhi ulipokuja kuninong'oneza jikoni kwamba siku zako zimerudi! Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mama Glory, jirani yetu, akaja mbio na upawa mkononi, anauliza, "Kuna posa? Mbona hamkusema?" Wewe ulikuwa unanikanyaga mguu. Nikamwambia kuku wangu ametotoa vifaranga. Mwanamke yule akataka kuviona, na ilibidi nimzungushe bandani nikitafuta vifaranga ambavyo havijawahi kuzaliwa. Mpaka leo anaamini mwewe alivichukua vyote.

Nakukumbusha haya kwa sababu kambini hutakuta mtu aliyeyaona. Ulirudi barabarani taratibu, ukaachwa na wale uliokuwa ukiwaacha, ukarudi nyumbani umekasirika, na ukala hivyohivyo na hasira zako. Nilijua ni kazi ngumu kuliko mlima wowote. Kisha miguu ikakusikia. Siku ya majaribio ulipowapita kwenye mzunguko wa mwisho ulikuwa na uji wa asubuhi tumboni, na usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa umekula wali ukaongeza, nilikuwepo. Waliokuchagua waliona mbio. Mimi niliona uji.

Sasa huko unakokwenda. Wapo wasichana watakaochungulia sahani za wenzao, wapo kila mahali. Atatokea mmoja atakuambia, "Nai, mbona umejaza?" Nimejaribu kukutungia jibu kali la kumkomesha na sijalipata. Labda mkaribishe tu akae. Inawezekana yeye ndiye mwenye sweta mchana wa jua, na hakuna aliyemuuliza. Na akitokea mkubwa yeyote wa kukusifu kiuno, hata kama ana filimbi shingoni, jua kwamba na mimi niliwahi kusifu kiuno hichohicho, tena nilikuwa na futi, na nilikosea.

Ukihisi ile hofu imerudi, usingoje mpaka mfupa useme. Sema wewe. Mwambie daktari wa kambi, au nipigie. Hata kama umeficha chakula wiki nzima, nipigie, sitafoka. Nitafoka kidogo, kisha nitanyamaza.

Dodoma nayo ina jua la ajabu, nilikwenda mara moja kwenye harusi na midomo ikapasuka kabla ya keki kukatwa. Hewa ya kule ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unajidanganya kwamba hujatoka jasho. Sisi wa huku tumezoea ubaridi, tunakunywa maji tukikumbuka. Kule kiu ikifika imeshachelewa. Angalia mkojo wako, mwanangu, usione aibu: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umekosea kama mimi, na ukiwa mweupe kidogo kama maji ya limau, endelea na safari. Na ukitoka jasho jingi kwenye mbio ndefu, maji matupu hayatoshi, mwili umetoa na chumvi yake, kwa hiyo usikwepe mchuzi wala uji wenye chumvi kidogo. Haya, nilisema sitatoa maagizo na nimetoa. Nimezaliwa hivyo.

Jambo la mwisho ndilo gumu kwangu. Nimeamua kwamba nikikupigia simu sitakuuliza umekula nini. Unajua inavyonigharimu? Mimi nikimpenda mtu namuuliza kama amekula, ndiyo salamu yangu ya pili baada ya kuitikia marahaba. Lakini nimeona kwamba macho yangu kwenye sahani yako nayo yanaweza kuwa macho ya watu. Ulikula kwa ajili yangu ulipokuwa mgonjwa, nakushukuru. Kuanzia kesho kula kwa ajili yako. Mimi nitakuuliza umecheka na nani, na kama kuna mtu kambini anajua kusuka. Nikijisahau nikauliza, sema "Mama!" kwa ile sauti yako, nitaelewa.

Nilitaka kumalizia na baraka ndefu, lakini nasikia pikipiki ya baba yako getini. Mmerudi. Mnadhani nimekwenda kwa Mama Glory, kwa sababu mmeita na sijaitika. Niko hapahapa kwenye kona ya baraza, nyuma ya nguo za wateja, na mlango wa jikoni uko wazi.

Sikusudii kuchungulia. Mungu ananiona.

Umeingia peke yako. Baba yako yuko nje anafunika pikipiki. Nilikuwa na hakika Bibi amekushindilia na utakuwa hutaki hata kunusa. Umefunua sufuria. Sasa umechukua sahani, siyo ile ndogo. Umepakua, umekaa kwenye kigoda miguu umeinyoosha mbele yako, ile miguu, na unakula. Hakuna anayekuangalia, hivyo unavyojua. Unakula huku unaimba puani wimbo wa kwaya na kutikisa kidole cha mguu. Umenyanyuka. Nilifikiri umemaliza. Umerudi kwenye sufuria, umepakua tena, na umekomba na nyama ya chini niliyomwekea baba yako.

Mwandiko umeharibika, utanisamehe. Nalia na nacheka, na nimebana kitambaa cha mteja mdomoni usinisikie.

Nenda, Nai. Nenda tu, mama. Mimi sina swali tena.

Naacha hapa niwahi kumenya ndizi nyingine, maana baba yako ameshaanza kuuliza chakula kiko wapi.

Mama yako